Baba aliifikia meli ya MV Bukoba ilipopinduka, na sasa kila mtu anataka asimulie

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, mtoto wa pili kati ya watoto wanne, na ninakuandikia kuhusu baba yetu, ambaye mwaka 1996 alikuwa mvuvi kijana mwenye mtumbwi wake mwenyewe. MV Bukoba ilipopinduka asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei, ikiwa imekaribia kufika Mwanza baada ya kusafiri usiku kutoka Bukoba kupitia Kemondo, yeye na wenzake wawili walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuifikia. Hawakutumwa na mtu yeyote. Waliona, wakapiga makasia.

Nilikuwa na miaka saba, kwa hiyo ninayoyajua ni yale niliyoyaona nyumbani na machache ambayo mama ametueleza kwa miaka mingi, kidogo kidogo, baba akiwa hayupo. Walitoa watu majini, baadhi yao wakiwa hai. Kisha wakapanda juu ya tumbo la meli lililokuwa limebaki juu ya maji, na hapo wakasikia watu wakigonga kutoka ndani. Baba akawa anawajibu kwa kugonga chuma kwa mpini wa kasia lake, ili wajue kwamba nje kuna watu. Mama anasema aligonga hivyo kwa muda mrefu sana. Baadaye chuma kilitobolewa ili waliokuwamo watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama, na kugonga kukaisha.

Alirudi nyumbani siku ya tatu. Aliuosha mtumbwi kwa mchanga mpaka rangi ikatoka, akauuza kabla mwezi haujaisha, na hajavua tena. Sasa ni fundi baiskeli. Kasia hakuliuza. Limesimama nyuma ya mlango wa chumba chao hadi leo, na ncha ya mpini wake imepondeka na kuchanuka kama mswaki wa mti uliotafunwa.

Nyumbani kwetu hakuna anayegonga mlango. Tulilelewa hivyo na majirani wote wanajua: unasimama uani, unapiga hodi kwa sauti, unasubiri kukaribishwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni adabu tu ya kwetu.

Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, baba alikaa na redio bila kula vizuri. Ilipotangazwa Jumamosi kwamba wapiga mbizi wamemtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko hicho, siku mbili baada ya ajali, sisi tulishangilia. Yeye alitoka nje, akatapika, na hakusema na mtu mpaka kesho yake. Mwaka 2022 ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba na wavuvi wakawa wa kwanza kuifikia, nchi nzima ilimsifu kijana Majaliwa Jackson, aliyetumia kasia kusaidia kufungua mlango wa ndege. Baba alitazama taarifa ya habari na kusema maneno haya tu: "Huyo kijana wamwache alale."

Sasa nifike kwenye tatizo lenyewe. Nipo katika kamati ndogo ya parokia inayoandaa kumbukumbu ya tarehe 21 Mei, siku ambayo watu hukusanyika katika makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu. Safari hii tumeamua kuwaenzi waokoaji wa kujitolea ambao hawakuwahi kutambuliwa popote. Wazo hilo lilikuwa langu, Shangazi, wala siwezi kumsukumia mtu mwingine. Tumechanga fedha za ngao na chakula, na kamati inataka baba asimame kwenye kipaza sauti asimulie kwa dakika 15, na lile kasia liwekwe mezani mbele ya watu. Katika kamati yumo mama mmoja mzee kutoka Kagera, ambaye mwanawe alisafiri daraja la tatu na mwili wake haukupata kutambuliwa. Aliniambia: "Mwanangu, sitaki hotuba. Nataka kumwona mtu aliyewasikia."

Baba alikataa. Nilipomsihi mara ya pili alisema, "Mimi nilipaswa kuwa humo ndani," akaondoka. Tangu siku hiyo analala saa mbili au tatu tu kwa usiku, amerudi kwenye pombe aliyokuwa ameiacha miaka mingi, na akisikia kishindo anasimama wima. Ingawa, kusema kweli, mama anasema usingizi ulianza kumpotea kabla ya hapo, tangu mwaka jana kaka alipotujengea ukuta na kutuwekea geti la chuma, akadhani labda ni hofu ya wezi.

Kaka anataka apelekwe kwenye maombezi. Baba mdogo anasema anajidekeza, kwamba muda wote huu umepita na hata waliofiwa wameshayazoea. Mdogo wetu wa mwisho ameomba kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na anaogopa kumwambia. Mimi ninataka watu wajue alichokifanya baba yangu kabla hajaondoka duniani. Je, ninakosea? Nimsaidieje, na kamati niiambie nini?

Binti wa Mvuvi, Mwanza


Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyumbani, na umpe mama yako pole yake ya peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala pembeni ya jambo hili tangu mwaka 1996.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama penye geti. Umelitaja mwishoni, kama jambo la kupita, lakini hebu jiulize mgeni akifika kwenye geti la chuma anafanya nini. Hapigi hodi, kwa sababu anajua sauti yake haitavuka ukuta. Anaokota jiwe, au anashika kufuli lenyewe, anagonga. Baba yako yuko ndani, usiku pengine, na anasikia mtu asiyemwona akigonga chuma upande wa pili. Kwa miaka mingi nyumba yenu ilimkinga na sauti hiyo kwa ile desturi yenu ya hodi, ambayo bila shaka mama yako ndiye aliyeisimamia, na kaka yako, kwa mapenzi kabisa na kwa fedha yake, ameileta sauti yenyewe hadi mlangoni. Mwili wa mtu aliyepitia kiwewe huitikia kabla akili haijapata nafasi ya kusema kwamba hili ni geti na huyu ni jirani. Ndiyo maana anasimama wima.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kikao chochote cha kamati, mwombe kaka yako aweke kengele ya umeme, na kwenye geti paandikwe kwa rangi, herufi kubwa: bonyeza kengele, usigonge. Mnyororo na kufuli vifungwe mpira wa tairi kuukuu, visipige kelele upepo ukivuma. Baba yako ni fundi baiskeli, mpira haukosekani. Zungumza na kaka faragha, na umwambie kwamba hakukosea, maana hakuna aliyejua. Kengele haitaponya kidonda cha mwaka 1996, lakini itaacha kukigusa kila siku.

Jambo la pili halingoji mwezi Mei. Mzee aliyekuwa ameacha pombe akarudi kwayo, asiyelala, na aliyesema kwamba alipaswa kuwa ndani ya meli, aulizwe waziwazi kama anawaza kufa. Wewe au mama mkae naye mahali palipotulia mumwulize hivi: "Baba, uliposema ulipaswa kuwa humo ndani, je, kuna siku unatamani usiwepo?" Watu wengi huogopa kwamba swali kama hilo litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpandikizii. Mara nyingi linamtua mzigo wa kulificha. Akijibu kwamba ndiyo, asiachwe peke yake na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akijibu kwamba hapana, mpelekeni pia, ila mnaweza kupanga siku. Mwanza hamko mbali na msaada: Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure inaweza kuwa mahali pa kuanzia. Ninajua neno litakalotupwa barazani, kwamba mzee sasa ni wa kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Waambieni wanaosema hivyo kwamba aliyevunjika mguu hupelekwa kwa daktari wa mifupa na hakuna anayemcheka. Kukosa usingizi, ndoto za kutisha, kushtuka na kukwepa kila kinachomkumbusha tukio ni hali inayojulikana vizuri kwa madaktari, na ina tiba, hasa ya mazungumzo yanayoongozwa na mtaalamu, ambayo husaidia hata kama miaka mingi imepita. Msimnunulie vidonge vya usingizi dukani bila daktari, na hasa msimchanganyie vidonge hivyo na pombe. Na kaka yako asizuiwe kumwombea. Asimlazimishe tu kusimama mbele ya watu ili aombewe, maana hapo mtakuwa mmemjengea kipaza sauti kingine.

Baba mdogo wako ninamheshimu, lakini katika hili hajasema kweli. Kudekeza nafsi ni kutafuta kuhurumiwa, na mtu anayetafuta kuhurumiwa hafichi habari yake hata kwa wanawe. Wala sijui ni nani aliyemwambia kwamba waliofiwa wameshayazoea. Yule mama wa Kagera yuko kwenye kamati yenu.

Sasa nizungumzie siku yenyewe, kwa kuwa nadhani hamwezi kumsaidia bila kuelewa ni kitu gani hasa kilichomkaa. Mimi nilikuwa Tabora wakati huo. Nakumbuka tulivyoizunguka redio, na jinsi Rais Mkapa alivyotangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na jinsi idadi ilivyokuwa ikibadilika kila taarifa, kwa sababu meli iliyokuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 ilikuwa imebeba wengi zaidi, na wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hata leo hakuna hesabu moja inayokubaliwa na wote. Inayotajwa mara nyingi ni kwamba walikufa watu 800 au zaidi. Sisi tuliokuwa mbali tulilia kwa ajili ya wengi. Baba yako alikuwa juu ya chuma akiwasikia wachache, mmoja mmoja, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya ashindwe kulia pamoja nasi.

Meli inapopinduka bila kuzama, kinachoishikilia juu ya maji ni hewa iliyonaswa ndani, na hewa hiyohiyo ndiyo wanayoivuta walionusurika humo. Ikitobolewa kwa juu, hewa inatoka kwa nguvu, maji yanapanda kutoka chini, na meli inashuka. Waliotoboa walitaka kuokoa. Hawakuwa na wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa pale walipohitajika, na wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walifika baadaye, kazi ikiwa imeshakuwa ya kutoa miili. Baada ya ajali, maofisa tisa wa Shirika la Reli, lililokuwa likiendesha meli hiyo, walifikishwa mahakamani. Hakuna mvuvi aliyeshtakiwa, hakuna mvuvi aliyelaumiwa, na bado nina hakika baba yako ameketi kizimbani tangu siku ile, akiwa mshitakiwa na hakimu pia. Wataalamu hutofautisha hofu ya mtu aliyenusurika na jeraha la dhamiri, yaani maumivu ya mtu aliyekuwa mahali palipohitaji wokovu na wokovu haukutokea mikononi mwake. Ninadhani baba yako anaugua vyote viwili.

Ndiyo maana habari njema ya mwaka 2018 ilimtapisha. Nyinyi mlisikia kwamba mtu mmoja ametolewa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Yeye alisikia kwamba iliwezekana.

Usimwambie haraka kwamba haikuwa kosa lake. Ni kweli haikuwa, lakini ameshaambiwa au ameshajiambia mara nyingi, na maneno hayo mara nyingi hutumika kufunga mazungumzo ambayo msemaji hawezi kuyabeba. Kama atakuja kukueleza mwenyewe, sikiliza mpaka mwisho, usimkatishe kwa faraja. Na ukipata nafasi ya kusema neno moja tu, mwambie kwamba aliwajibu. Kwake yeye, kila pigo la mpini lilikuwa ahadi, na ahadi haikutimia. Mimi ninapokusoma ninawafikiria waliokuwa gizani humo, wasiojua kama kuna mtu anayejua kwamba wako hai, na nje mtu akawajibu, akaendelea kuwajibu mpaka mpini ukapondeka. Sisemi kwamba hilo linatosha kwake. Ninasema lilikuwapo, na yeye hajawahi kulihesabu.

Kuhusu kamati. Hukukosea kutaka waokoaji waheshimiwe, mwanangu, na wala sitaki uache. Nchi yetu ina deni kwa watu wa mialoni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Ukiangalia ajali za majini, mara nyingi anayefika kwanza ni mwenye mtumbwi aliyekuwa karibu, asiye na mshahara wa kazi hiyo, asiye na jaketi okozi, na ambaye jina lake haliandikwi mahali. Majaliwa Jackson alipewa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ilikuwa heshima iliyostahili. Wenzake wa mwaka 1996 walirudi nyumbani wakaosha mitumbwi. Hata hivyo neno alilolisema baba yako mbele ya runinga lilikuwa ushauri wa mtu anayejua, na mngelichukua kama kanuni ya kamati yenu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linaelekeza kumtazama mtu anahitaji nini, kumsikiliza, na kumuunganisha na wanaoweza kumsaidia, na linaonya dhidi ya kumshinikiza asimulie yaliyompata. Dakika 15 za kipaza sauti ni shinikizo, hata likitoka kwa watu wanaompenda, na kasia kuwekwa mezani bila ridhaa yake ni zaidi ya shinikizo. Kasia hilo libaki nyuma ya mlango. Asiguse mtu.

Waambie wanakamati kwamba baba yako hatasimulia, na usiwape sababu. Siri ya maradhi yake si ajenda ya kikao. Waombe ibada iwe na wakati wa kuwataja wavuvi, wapagazi wa bandarini, wauguzi na wachimba makaburi waliofanya kazi siku zile, bila kumsimamisha yeyote. Mwalike baba kama mfiwa. Mpe mahali pa kukaa karibu na njia, ili akitaka kuondoka aondoke bila kupita mbele ya watu, na mmoja wenu awe tayari kuondoka naye. Asipokuja kabisa, hakuna wa kumwuliza. Huenda angependelea kwenda Igoma siku nyingine, wiki moja kabla, asubuhi, mkiwa wawili na jembe, mkapalilia kidogo na kurudi nyumbani bila kusema lolote. Mwulize hivyo tu: ungependa twende siku ambayo hakuna watu?

Na fedha za ngao mlizochanga, kama wachangiaji wataridhia, ningezinunulia jaketi okozi na kamba za mwalo mmoja, zikakabidhiwa viongozi wa wavuvi wa hapo, tena kwa maandishi. Ngao hukaa kabatini ikiwa imeelekezwa ukutani; nimeziona nyingi. Jaketi likivaliwa na kijana anayekwenda kumtoa mwenzake majini, hiyo nayo ni kumbukumbu ya Mei 21.

Linabaki ombi la yule mama wa Kagera, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Haki yake ni ya kweli. Hakupata mwili, hakupata kaburi lenye jina, na katika dunia hii wamebaki watu wachache wanaoweza kumwambia kwamba waliwasikia. Lakini haki yake haiwi deni la baba yako. Usimpelekee baba ombi hilo sasa, akiwa katika hali hii. Akishaanza tiba na usingizi ukirejea, mweleze mara moja, taratibu, kwa maneno yaleyale ya mama huyo, kwamba yuko mtu asiyetaka hotuba, na umwachie bila kurudia. Huenda akakataa mpaka mwisho, na mama huyo itabidi aambiwe kwa upole na wewe mwenyewe, ana kwa ana. Huenda pia akakubali. Ikiwa hivyo, wakutane nyumbani kwenu, pasiwe na kamati wala padri wala simu ya kupiga picha, mama yako awape chai, nanyi mtoke. Nimewahi kuona wazee wawili waliopotezewa na jambo moja wakikaa saa nzima wakizungumzia bei ya mchele, na wote wawili wakaondoka wakiwa wepesi kuliko walivyokuja.

Usiwasahau pia wale wenzake wawili wa mtumbwini. Hukusema kama wako hai. Kama yupo hata mmoja, mtafute, umsalimie, umwulize naye analalaje. Baba yako anaweza kukaa naye bila kueleza chochote, kwa sababu hakuna cha kueleza kati yao, na watu waliofanya kazi ya uokoaji mara nyingi husaidiwa zaidi na mwenzao wa siku hiyo kuliko na sisi tunaouliza.

Mdogo wenu amwambie baba habari ya kazi yeye mwenyewe, mapema, kabla hajaisikia kwa jirani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa muundo wake wa sasa limetokana na sheria ya mwaka 2007. Halikuwapo kwa sura hii siku baba yenu alipopanda juu ya chuma kile na kasia, na inawezekana kabisa kwamba mzee huyu, akipata kuambiwa kwamba mwanawe atafundishwa kupiga mbizi, atapewa vifaa, na atakwenda na wenzake chini ya amri ya mtu anayejua, atahisi kitu ambacho sisi wengine hatuwezi kumpa. Inawezekana pia kwamba ataogopa sana. Ajiandae kwa yote mawili, asibishane. Na asimwulize habari za 1996. Amwulize habari za maji: mtumbwi unausogezaje karibu na chombo kilichopinduka bila kuvutwa nacho, mtu anayezama unamshika wapi ili asikuzamishe, kamba unaifungaje ikiwa imelowa na vidole vimekufa ganzi. Hayo baba yenu anayajua kuliko wakufunzi wengi, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Amwombe wakae nje jioni, pale anapotengeneza baiskeli, na aje na kipande cha kamba.